Uso wa Keji kwenye Picha ya Kifua Changu

Ninamwandikia mtu ambaye leo amepewa kikopo kidogo chenye kifuniko, akaambiwa aende nyuma ya jengo akakohoe ndani yake. Nami nimewahi kusimama hapo. Kuna jiwe ambalo watu hukalia wakisubiri makohozi yapande, na limekuwa laini kama jiwe la kusagia. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba. Kiswahili nilikipata nyumbani, kwa sababu baba yangu alikuwa askari na mama alitoka ng'ambo ya mpaka, Kongo, na hiyo ndiyo lugha waliyokutana nayo. Kwa hiyo sitakueleza ugonjwa wenyewe, madaktari watakueleza. Nitakueleza niliyoyafanya.

Mimi ni mtu wa Koboko. Kikohozi kilianza na mvua za kwanza, watu wakipanda mahindi. Nilipewa vidonge vya miezi sita, nikavimeza kama nilivyoagizwa mpaka ufuta ulipoanza kukauka shambani. Wakati huo nilikuwa nimenenepa. Siku moja nikiwa nimesimama kwenye dirisha la wagonjwa wa kifua, mwanamke tuliyeimba naye kwaya akaniona, akavuta kitenge chake akafunika pua. Nilirudi nyumbani nikavimwaga vidonge vilivyobaki chooni. Hakuna aliyenishawishi, hakuna mganga wa kumlaumu. Ni mimi.

Kiangazi kilipofika nilitema damu kwenye ungo wa mihogo. Mama alikuwa karibu. Aliutazama ule ungo, akaubeba na mihogo yake yote, akaenda kuutupa shimoni. Aliporudi alitafuta msumari, akaupigilia pembeni mwa mlango, mbali na rafu ya vyombo, akatundika hapo kikombe cha plastiki cha bluu.

"Hii ni yako, Poni," alisema. "Ile ingine usiguse."

Hospitalini Arua waliniambia ugonjwa umerudi ukiwa sugu. Safari hii vidonge vingekuwa vingi zaidi na muda ungekuwa mrefu zaidi. Walinipiga eksirei, wakanipa picha yangu ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Niliiinua dirishani. Mbavu zilikuwa zimepangika vizuri, na upande wa kulia juu kulikuwa na tundu jeusi lenye ukingo mweupe, kama mtu amezima sigara hapo.

Aliyekuja nami alikuwa mdogo wangu, Keji. Baba alishakufa, mama hakutaka kuondoka nyumbani, na Keji alikuwa bado hajaolewa. Alikuwa na alama juu ya jicho la kushoto, mistari miwili iliyokata nyusi. Aliipata utotoni, nilipombeba nyuma ya baiskeli kwenda Lobule kwa shangazi, tukaanguka. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha. Hakuwahi kunilaumu, ila alikuwa akiwaambia watu, "Mukitaka kupanda baiskeli ya Poni, tengenezeni kwanza sura ya pili."

Wiki za mwanzo nililazwa. Keji alikaa nje ya uzio wa waya wa wodi na sufuria yake, tukiongea kwa sauti ya juu kama watu wa kuvuka mto. Vidonge vilinitapisha. Baadaye vilinigeuza rangi. Sikujua kwamba dawa inaweza kumpaka mtu rangi, lakini uso wangu uliiva ukawa mweusi wenye wekundu ndani yake, na viganja vikafuata. Miguu ikaingia ganzi kiasi kwamba kandambili ikichomoka sikujua mpaka nigeuke nyuma. Keji alinitazama kupitia waya, akasema, "Dada, endelea hivyo hivyo. Ukifika Koboko watafikiri umeletwa kutoka Sudan."

Kwenye kitanda cha pili kutoka mlangoni alilala mwanamume wa Inde aliyeitwa Ondoma. Zamani alikuwa akiendesha mashine ya stensili katika shule moja, ile ya kuzungusha kwa mkono inayotoa karatasi za mtihani. Shule ilipoiacha mashine, yeye aliondoka na wino. Masikio yake yalikuwa yamekufa kwa sindano za zamani za kifua, kwa hiyo alipiga kelele hata alipoomba chumvi. Alikuwa na ulimi mchafu, na alikuwa mtu wa kwanza katika ugonjwa huu aliyenitazama bila kunionea huruma.

Tulipokuwa tukisubiri daktari kwenye benchi za nje chini ya mabati, alikuwa akitandaza filamu ya zamani ya eksirei juu ya ubao. Alikamua wino kidogo, akausambaza kwa kuviringisha chupa ya soda mpaka filamu yote ikawa nyeusi. Kisha alichora kwa kuondoa: kijiti cha kiberiti kwa mistari, kitambaa kwa mwanga, kidole gumba kwa mawingu. Akaloweka karatasi, akaikausha kwa kuipapasa na shuka, akailaza juu ya wino na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Alipoiinua kulikuwa na mbuzi.

"Toa mwingine," nilimwambia kwa sauti, nikionyesha kwa kidole.

Alicheka mpaka akakohoa. "Mwingine wapi? Hii kitu haina ndugu. Inatoka moja tu, basi." Akalaza karatasi ya pili juu ya wino uliobaki, akasugua kwa nguvu. Alitoka mbuzi wa kijivu, hafifu, kama anayeonekana ndani ya moshi. "Huyu mimi naita mjane. Ya kwanza imekufa na mali yote."

Nilianza hivyo. Sikuanza kwa sababu nilikuwa na kipaji. Nilianza kwa sababu baada ya vidonge kulikuwa na saa mbili za kichefuchefu, na mikono ikiwa na kazi, tumbo hutulia. Nilichora kuku, nikapata kitu kama kiatu. Nilichora mti, ukatoka doa. Kila nilipokunja karatasi iliyoharibika ili niitupe, Ondoma alininyang'anya, akaikunjua juu ya paja lake.

"Weye unaogopa karatasi?" alipiga kelele, wodi nzima ikisikia. "Hii kazi haitaki mutu ya kuogopa. Wino iko inakauka! Piga, inua, angalia. Mbaya? Sawa, iko mbaya. Fanya ingine."

Ilinichukua majuma mengi kukubali. Nilikuwa mtu wa kutaka kurudi nyuma na kurekebisha: ningemeza vile vidonge, nisingemwaga. Lakini ukishainua karatasi, umeinua. Picha inakuja na makosa yake na unaipokea hivyo. Mara nyingine kosa ndilo linalokaa vizuri, alama ya kidole ambayo hukuikusudia inakuwa bega la mtu. Siku zile nilikuwa nikipata hata furaha kidogo, na ninaiandika hapa kwa sababu ilikuwapo.

Ondoma alitoka kabla yangu. Aliniachia tyubu mbili za wino. "Usiniletee asante," alisema. "Asante mimi hapana sikia."

Mvua za pili ziliponikuta nilikuwa nje ya wodi, katika chumba cha kupanga si mbali na hospitali, nikienda kila asubuhi kumeza vidonge mbele ya sista. Sista alituambia kwa maneno mepesi: mlale mbalimbali, madirisha wazi, mpaka makohozi yatoke safi mara mbili mfululizo. Chumba kilikuwa kimoja. Keji alilala barazani nyuma ya turubai.

Mvua ya mwaka ule ilikuja na upepo. Asubuhi moja nilimkuta akikamua mkeka, midomo imebadilika rangi.

"Dada, ngoja niende Koboko kwanza," alisema. "Mvua ikipungua nitarudi. Majuma mawili, matatu tu. Hapa nitakufa na baridi."

Nilisikia neno moja tu, Koboko. Niliona chumba bila mtu, ndoo bila wa kuteka maji, na mimi nikiongea na ukuta. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayesogelewa kwa kitenge puani. Nikafungua mdomo, nikasema, "Majibu yametoka jana. Niko safi. Sista amesema ulale ndani."

Majibu hayakuwa yametoka.

Keji aliutupa mkeka. Alinishika mabega kwa mara ya kwanza tangu kiangazi, akanikumbatia, akacheza katika tope mpaka mwenye nyumba akatoka kuuliza nani ameolewa. Akaingiza mkeka, akaulaza kando ya wangu, na kwa sababu ya baridi akafunga dirisha.

Sikulifungua. Majuma matatu.

Ndani ya majuma hayo nilimchora. Wino wa Ondoma ulikuwepo, lakini filamu zake alizisafisha kwa jik ya kufulia mpaka zikawa kama kioo, na mimi sikuwa na jik. Nilikuwa na picha ya kifua changu tu. Nikaitandaza, nikaipaka wino juu ya mbavu zangu. Keji alikuwa amekaa akichambua maharage, mwanga wa mlango ukimwangukia upande mmoja. Nilifanya haraka. Shavu kwa kitambaa, nywele kwa ncha ya kitana, na ile alama ya nyusi kwa kijiti cha kiberiti, mara mbili. Nikasugua, nikainua.

Haikuwa na kosa. Ndiyo picha yangu ya kwanza ambayo haikuwa na kosa, lakini nilipoitazama nilihisi kitu hakijakaa sawa. Nilifikiri ni udhaifu wa mkono wangu. Keji alinipokonya karatasi na mikono yake ya maharage.

"Haa! Ni mimi!" alisema. "Dada, ni mimi kabisa! Hata simu haijawahi kunitoa hivi."

Majibu ya kweli yalitoka baadaye. Yalisema bado. Niliikunja karatasi ya majibu nikaiweka ndani ya soksi. Nilimwambia Keji nimeanza kuhisi joto mwilini, heri alale barazani tena kwa kuwa mvua imepungua. Alikubali bila kuuliza. Mimi nilipona taratibu. Makohozi yakatoka safi mara moja, mara mbili, na sista akanipigia makofi pale dirishani, na Keji alikuwepo na hakuelewa kwa nini wanashangilia habari ya zamani. Nilimwambia tu kwamba sista ana furaha za ajabu.

Keji alianza kukohoa kiangazi. Alisema ni vumbi la barabara. Alirudi Koboko kumsaidia mama kuvuna muhogo, na mama akamtwangia majani, akampeleka kwenye maombi, wote wawili wakiamini haiwezi kuwa ile, kwa sababu dada mtu alishakuwa safi tangu mvua. Uongo wangu ndio uliowachelewesha. Alipoletwa Arua shingo yake ilikuwa imebaki mifupa. Wakampa kitanda cha pili kutoka mlangoni, cha Ondoma.

Nilikwenda kila siku nikiwa na barakoa. Sasa mimi ndiye niliyebeba sufuria. Siku moja mchana, wagonjwa wengine wakiwa nje juani, aliniita nisogee.

"Dada, siku ile ya mvua. Ulikuwa safi kweli?"

Hakuna mtu aliyekuwa akitusikiliza. Hakukuwa na kitu cha kunizuia. Nikasema, "Ndiyo."

Alifikiri. "Basi sijui niliitoa wapi," alisema, na akaomba maji.

Alikufa kabla mvua za kwanza hazijanyesha. Nimemuuliza sista baadaye, akanijibu kwa ukweli kwamba hakuna anayeweza kujua siku mtu alipoambukizwa. Inawezekana ilikuwa Koboko, kabla sijajua chochote. Nimelichukua neno hilo kama alivyonipa. Lakini dirisha ninalolikumbuka mimi ni lile.

Kwetu sasa watu huweka picha ya marehemu juu ya sanduku, ndani ya fremu, ili waliokuja kuzika wamwone. Picha za Keji zilikuwa kwenye simu, na simu ilianguka ndani ya maji akiwa anaumwa. Mama alikuwa akizunguka uwanjani akiuliza jamaa, nani ana picha, nani ana picha. Nilikuwa na ile niliyoichora, kwenye begi, ndani ya bahasha ya kaki. Niliitoa mbele ya watu. Ninakiri nilijivuna kidogo.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Uso wake ulifunguka. Kisha aliisogeza karibu, akaweka kidole juu ya nyusi, akakihamisha kwenye nyusi yake mwenyewe, ya kushoto, akakirudisha kwenye karatasi.

"Alama iko huku?" aliuliza.

Ilikuwa upande wa kulia. Pale ndipo nilipoona, mbele ya kijiji kizima.

"Huyu si mutoto yangu," mama alisema. "Yangu alikuwa na alama kwa upande ya kushoto. Mimi nilimushona. Umemugeuza, Poni. Ulimumaliza, sasa umemugeuza na sura."

Alisema *ulimumaliza* kama watu wanavyosema katika msiba, kwa sababu nilikuwa mgonjwa wa kwanza. Hakujua lolote. Nilisimama na barakoa yangu. Sanduku likashuka bila picha. Mama aliondoka na ile karatasi, nikadhani ameitia motoni.

Majuma kadhaa baadaye nilimtafuta Ondoma sokoni Inde, alikokuwa akiuza betri na nyembe. Nilimwandikia yote kwenye karatasi, maana sikutaka kulipigia kelele jambo hilo. Alisoma kuhusu alama, akapiga paja.

"Weye hapana jua? Kila kitu inageuka! Mimi kwa shule niliona herufi inageuka, nilijua. Weye sikukuambia. Mutu lazima aharibu yake moja."

Nilitamani kumpiga. Alipoona uso wangu alishusha sauti, kadiri alivyoweza kuishusha. "Lakini sikia. Yeye mwenyewe alisema nini?"

Niliandika: *Alisema ni yeye kabisa.*

Akachukua kioo kidogo cha kunyolea kutoka kwenye bidhaa zake, akanielekezea usoni, akangoja. Mtu hajawahi kujiona isipokuwa hivyo. Keji alijua uso wake ukiwa na alama upande ule. Picha ilikuwa yake kweli, ila haikuwa ya mtu mwingine yeyote.

Nilimaliza dawa mvua za pili zilipokuwa zikiisha. Kadi ikapigwa mhuri. Miguu ina ganzi mpaka leo, rangi imeanza kurudi kwenye mashavu. Nilipanda gari la Koboko nikiwa na kadi hiyo kwenye pochi kama mtoto aliyefaulu. Mama aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena, akaenda kwenye msumari. Alikitoa kikombe cha bluu akakitia kabatini. Akanimiminia chai kwenye kikombe cha bati, cha watu wote.

Nilikaa kwenye kiti changu cha zamani ndipo nikaiona ile picha, haikuwa imechomwa. Mama alikuwa ameubandika uso wa Keji ukutani, mahali pa ajabu, karibu na mlango ambapo hakuna anayeangalia. Mkabala wake, juu ya kitanda, kilining'inia kioo chake cha kuchania nywele. Ukikaa kitandani ukatazama kioo, alama ilikuwa upande wa kushoto.

"Uligunduaje, mama?"

"Nilikuwa nachana," alisema. "Nikamwona nyuma yangu."

Kama hangekuwa amefanya hivyo labda ningekaa kimya mpaka leo. Chai ilikuwa ya moto mkononi. Nikamwambia. Nilimwambia mvua, mkeka, majibu ambayo hayakuwa yametoka, dirisha, na soksi.

Hakupiga kelele. "Na yeye alijua?"

"Aliniuliza hospitalini. Nikamdanganya tena."

"Mara mbili."

"Mara mbili, mama."

Aliinuka. Alichukua kikombe cha bati mkononi mwangu kikiwa nusu, akaenda kumwaga chai nje, akakisuuza, akakirudisha kwenye rafu. Akafungua kabati. Alimimina chai mpya kwenye kikombe cha bluu, akaniletea.

"Kunywa," alisema.

Nilipomaliza alikitundika kwenye msumari.

Kwa hiyo wewe wa kikopo: meza vidonge vyote, hata ukinenepa. Ukiulizwa kama uko safi, sema ulichoambiwa na sista na si unachokitamani. Mtu wako akitaka kuondoka kwa sababu ya baridi, mwache aende. Upweke huo unavumilika, mimi sikuupa nafasi. Na tafuta kazi ya mikono kwa zile saa za kichefuchefu. Itatoka vibaya. Inua karatasi hivyo hivyo.

Huwa naenda Koboko kila mwezi. Mvua zilizopita mama alinitazama nikipanga wino wangu kwenye kibaraza, akafuta mikono kwenye kitenge, akasema, "Nifanye na mimi kabla sijakufa. Watakosa tena ya kuweka kwa sanduku." Kisha, "Na usinigeuze. Weye unajua kugeuza batu."

Nilimkalisha kitandani, mbele ya kioo. Sikumtazama yeye, nilimchora yule wa ndani ya kioo. Nyuma yake mle kiooni, juu ya bega, alikuwepo Keji na alama yake upande wa kushoto, nikamwacha hapo, kwa kidole gumba tu. Filamu ilikuwa ile ile ya kifua changu. Nilisugua, nikainua. Mdomo wa mama ulikuwa umevutika kidogo, kijiko kiliteleza.

"Fanya ingine," alisema.

"Haitoki nyingine, mama. Ni hii."

Aliishika muda mrefu. Alijigusa shavu lenye baka, akatafuta baka kwenye karatasi, akalikuta mahali pake. Akapanda kidole mpaka begani, kwenye lile doa la gumba, akakiacha hapo.

"Mudomo ni mubaya," alisema. Lakini aliibandika mwenyewe, kando ya ile nyingine. Kisha akaenda jikoni, akaniletea chai. Ilikuwa na sukari nyingi kama nilivyopenda utotoni, ndani ya kikombe cha bluu.